Kochi la Mgeni Rasmi

Sijui kutulia, na siku ya mahafali ya kidato cha nne huwa mbaya zaidi. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mpanda, na kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kunieleza, ndimi mpangaji wa viti pia.

Mwaka mmoja, wiki ya mahafali, nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi mchoro wa jumba la michezo ya kuigiza huko Ulaya, karne ya kumi na nane. Mfalme yuko katikati, chini ya taji la kuchongwa. Wakubwa wamepangwa kulia na kushoto kwa vyeo. Juu kabisa, karibu na dari, ndiko waliko watu wa kawaida, nyuso zao nukta tupu. Karibu wote wanamtazama mfalme, waigizaji wamesahaulika.

"Sasa mwalimu, si wangempandisha tu jukwaani wakamaliza?" aliuliza mmoja. Tulicheka sana.

Shule yetu haina makochi. Huwa tunaazima majumbani, na mwaka ule la mgeni rasmi nililichukua kwa mama yangu, pamoja na vitambaa alivyofuma mwenyewe. Asubuhi ya mahafali alikuja kumwona mjukuu wake, binti wa dada yangu, akihitimu. Aliangaza macho chini ya turubai, akaliona kochi lake pale meza kuu, akaenda akakaa.

Mkuu wa shule alinitazama tu. Nilimfuata mama, nikainama.

"Mama, hapa ni pa mgeni rasmi."

"Kochi si langu?"

"Ni lako, mama. Ila nyie wazazi mmewekewa mabenchi kule nyuma."

Alinyanyuka, akanyoosha kitambaa kilichojikunja pale alipokuwa ameegemea, akaenda. Mgeni rasmi alichelewa kwa muda wa saa tatu. Muda wote huo nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kochi likiwa tupu mbele ya macho ya watu wote, na mama kule nyuma juani, mbali kiasi kwamba sikuweza kuuona uso wake vizuri. Niliona aibu, lakini sikwenda kumrudisha.

Jioni nililirudisha kochi, nikaomba radhi. Alisema yameisha.

Tangu hapo, nikienda kumsalimia, hunionyesha kochi lile lile. "Karibu, mgeni," husema, kisha huvuta kigoda akakaa karibu na mlango. Nikishuka kukaa mkekani, yeye husimama, na hakai tena mpaka nirudi kwenye kochi.