Huyu Ndiye Waceke Wangu

Niligundua nyumba yangu inapigwa mnada kupitia gazeti lililofungiwa nyama.

Msicheke. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Kimumu, Eldoret, nafungua nusu kilo ya matumbo, nikaona namba ya ploti inayofanana na yetu. Namba hiyo iko kichwani kwa sababu mimi ndiye hulipa ushuru wa ploti kwa kaunti. Nikafuta damu na kidole, nikasoma vizuri. Vyumba vitatu, tangi la maji, geti la bluu. Mnada baada ya siku kumi na mbili.

Matumbo sikupika.

Mume wangu Muigai ana duka la mbegu na mbolea kule senta ya Ziwa. Jioni alirudi akiimba. Nikamwekea gazeti mezani mahali pa sahani.

"Mama Kuria," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "wacha nikuexplain."

"Explain."

"Nilichukua loan ya biashara ya mahindi, ikaenda vibaya. Nilikuwa naisort pole pole."

Barua za onyo zilikuwa zimefika zote: ya siku tisini, ya arobaini, mpaka ile ya dalali ya arobaini na tano. Alizipokea dukani akazificha ndani ya gunia. Miezi hiyo yote mimi nabishana naye kuhusu rangi ya sebule. Mjinga ni mimi.

Asubuhi nikaenda kwa wakili mmoja mjini, anaitwa Okello. Akaniuliza swali moja tu.

"Mama, ulisign consent? Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila bibi kukubali. Kama hukusign, hiyo rehani ni bure."

"Mimi sijasign hata kadi ya harambee."

Tukaenda benki, faili ikafunguliwa. Jina langu. Nakala ya kitambulisho changu. Sahihi isiyo yangu. Na kando yake picha ya Betty, mdogo wangu, amevaa blauzi yangu.

Mwaka uliopita aliniomba kitambulisho asajili laini, eti chake kimepotea. Nikampa siku mbili. Tunafanana, na picha za vitambulisho vyetu mnazijua, kila mtu anakaa kama mshukiwa.

Niliumia, lakini sikuanguka. Betty ni Betty.

Okello akampigia simu wakili aliyeshuhudia ile sahihi, akaweka spika tusikie wote.

"Mimi nilihakikisha," jamaa akajitetea. "Alikuja na mamake mzazi, mama wa kanisa kabisa. Akaniambia, 'Huyu ndiye Waceke wangu, nilimzaa mwenyewe.' Sasa ningebishana na mama?"

Hapo ndipo nililia, mbele ya wateja wa benki, bila aibu.

Mama anaishi Ziwa. Nikaenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta akiwalisha wale ng'ombe wawili wa gredi ambao Muigai alimnunulia. Kila Jumapili nilikuwa nikibeba maziwa yao kwa chupa, nikimsifu mume wangu kwa kupenda wakwe.

"Mama, kwa nini?"

"Muigai alisema ni karatasi tu. Alisema wewe ni mgumu, utakataa."

"Si ungeniuliza?"

Akaangalia ng'ombe. "Waceke, usipeleke hii maneno kortini. Betty atafungwa. Nyumba hujengwa, mtoto hajengwi."

"Na mimi ni mtoto wa nani?"

Akawaongezea ng'ombe nyasi.

Nilipeleka kortini. Jaji akasimamisha mnada zikiwa zimebaki siku mbili. Kesi ilipokuja kusikizwa, Mama aliitwa kama shahidi. Mimi na Betty tulikuwa tumekaa mbele yake. Akaulizwa ni yupi kati yetu anayeitwa Waceke.

Alimwangalia Betty, kisha mimi. Halafu akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye Waceke wangu."

Maneno yale yale yaliyoniuza ndiyo yaliyonirudishia nyumba. Rehani ikafutwa. Benki sasa inahangaika na Muigai na mahindi yake, na kesi ya Betty ya kughushi sahihi inaendelea.

Wale ng'ombe, Mama aliwauza. Alilipia dhamana ya Betty.

Ndugu zangu, kitambulisho usiazime mtu, hata kama mlinyonya titi moja. Na mumeo akimnunulia mama yako ng'ombe, kabla hujapiga vigelegele, uliza amelipa na nini.

Mimi siku hizi nanunua maziwa ya paketi.