Kimea katika Pipa la Bruda

Nilikuwa mpishi wa misheni, kando ya barabara ya Kahama kwenda Segese, enzi zile ambazo hata sabuni tuliipangia foleni. Nasema mpishi, lakini nilifua pia, kanzu za mapadre na vitambaa vya altareni, maana kazi ya misheni haina mpaka na siku hizo sikuwa bado najua kukataa.

Bruda mmoja Mtaliano alikuwa na mizabibu nyuma ya jiko langu, mistari minne ya zabibu nyeusi na mmoja wa nyeupe, ukutani. Vijiti vyake alivileta kutoka kwao, amevifunga kwenye soksi zilizoloweshwa. Zile nyeusi aliziita barbera. Kwao, alisema, kila kilima kina zabibu yake, na ukivuka bonde unakuta watu wenye divai nyingine, tena wanaicheka ya kwenu. Hilo nililielewa upesi. Hata kwetu Usukumani mtama wa kijiji hiki si wa kijiji kile, na kila mama anaapa kwamba wa kwao ndio unaotoa pombe.

Divai yake haikutiwa kitu, si sukari, si hamira ya dukani. Zabibu zilipondwa zikaachwa ndani ya pipa na maganda yake, zichachuke zenyewe. Mwezi wa tisa mwaka ule alikwenda Shinyanga kutafuta tairi, akaniachia fimbo ya kuzamisha maganda asubuhi na jioni. "Mama, usitie kitu," alisema. Nikasema sawa.

Siku ya tatu pipa likanyamaza. Sasa mimi nimelelewa na mama mpika pombe ya mtama, na kwetu mtungi ukinyamaza, anayeaibika ni mwanamke. Nikatega sikio, kimya. Nikaenda nyumbani, nikachota kimea, ule mtama uliooteshwa na kusagwa, viganja viwili, nikatia, nikakoroga. Wala sikujiona nimevunja agizo. Kitu ni sukari, kitu ni hamira. Kimea ni kimea tu, kazi yake kuamsha. Kesho yake pipa likaanza kutokota, na Bruda aliporudi akanisifu, nami sifa nikazipokea bila haya.

Desemba ndipo nikakiona cha mtema kuni. Mama yangu, aliyekataa miaka mingi, alikuwa amekubali kubatizwa Noeli. Miguu yake ilikuwa imevimba, pumzi fupi, na sote tulijua kwamba Noeli nyingine hana. Nilimpeleka mafundisho na kukaa naye, nimtafsirie Kisukuma. Siku hiyo katekista akasema divai ya misa ni tunda la mzabibu tupu. Ikichanganywa na kingine, hapo hakuna misa. Hilo sikulitafsiri.

"Amesemaje?" mama akauliza.

Nikamwambia amesema tusali sana.

Divai ya kununua ilikuwa haijafika tangu masika, kwa hiyo misheni nzima ilitegemea mizabibu ya Bruda. Siku mbili nikapika bila kuonja. Nilikuwa nimemharibia mama yangu Noeli yake ya mwisho kwa ujuaji wangu, na nilijichukia, nasema kweli. Siku ya tatu nikasema liwalo na liwe.

Nilimkuta Bruda akifunga matawi. "Shikamoo, Bruda. Nimeharibu misa ya Noeli." Nikaeleza yote, viganja vyote viwili, bila kupunguza.

Alimaliza kufunga tawi lake. Kisha akauliza, "Mama, vitambaa vya altareni anafua nani?"

"Mimi."

"Mwaka wa ngapi huu?"

"Wa tatu."

"Umewahi kukuta doa jekundu?"

Nikafikiri. Nta, ndiyo. Kutu, ndiyo. Jekundu, hata moja. Miaka mitatu nilifua vitambaa vile kwa mikono hii, nikiamini kikombe kina divai nyekundu kwa sababu ni damu. Akanipeleka sakristia, akanionyesha mtungi wa kioo nyuma ya kabati. Kila wiki niliufuta vumbi nikidhani ni siki. Ndani yake mlikuwa na divai ya zile zabibu nyeupe za ukutani. Nyekundu inachafua vitambaa, akasema, kwa hiyo altareni haipandi. Pipa lile lilikuwa la mezani tu.

"Lile tutakunywa," akasema. "Si la kwetu, si la kwenu, lakini tutakunywa."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya sakristia, mtu mzima na kanga yake, nikacheka mpaka nikalia. Bruda akanisubiri nimalize.

Asubuhi ya Noeli mama alibatizwa akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni kwangu, maana kusimama hakuweza. Padre akampa mkate, kisha akamnywesha kidogo kutoka kwenye kikombe. Mama akaionja taratibu, kama alivyoonja pombe maisha yake yote, akanivuta kanga nimsogelee.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "hii imekosa kimea."

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Imekosa."