Siku Mume Wangu Alipomkumbatia Mama

Siku ile ya kwanza kurudi nyumbani naikumbuka vizuri kuliko siku yangu ya harusi, na kila ikinijia masikio yanapata moto. Teksi ilisimama mbele ya nyumba ya mama, kijijini kwetu, mwendo mfupi tu kutoka Sumbawanga mjini. Mimi nilikuwa bado nahangaika kumtoa mtoto kwenye kiti. Mume wangu Deus akashuka upande wa pili, akatanua mikono, akamkumbatia mama yangu. Akamkumbatia hasa, kama wanavyokumbatiana watu wa Uswidi milangoni mwao, akamyumbisha kidogo kulia na kushoto. Kina mama wa jirani walikuwa wamejipanga wanapiga vigelegele. Vigelegele vikakatika.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sijafikisha miaka arobaini na huenda umri wetu ni mmoja. Lakini unapanga kurudi na familia yako kwa mara ya kwanza tangu muhamie nje, na mimi nimeshaipita njia hiyo vibaya. Niruhusu basi niwe mzee wako kwa kurasa hizi chache.

Mimi ni mtu wa maandalizi. Sikusoma sana. Mambo mengi nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma peke yangu na kukosea, na mtu wa namna hiyo huishi na woga kwamba kuna ukurasa aliuruka. Kwa hiyo nilijiandaa kupita kiasi. Niliwafundisha watoto shikamoo mpaka binti yetu Feli, wa miaka saba, akawa anamwamkia dereva wa basi la Uswidi. Nilinunua dawa za malaria, dawa za tumbo, dawa za kusafishia maji, na masweta, kwa sababu watu husahau kwamba Ufipa mwezi wa sita ni baridi na ule upepo unaingia mpaka kwenye meno. Deus alikuwa ananitazama tu. Siku moja akaniuliza, "Na mama mkwe, nimsalimieje?" Nikamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye begi, "Msalimie kama siku zote."

Siku zote maana yake kwenye simu. Kila Jumapili baada ya misa mama hutupigia kwa video, na Deus humtania. "Mama, leo umependeza, nani unamwendea?" Mama hucheka mpaka kilemba kinamlegea. Wametaniana hivyo miaka. Nikadhani yale mambo ya zamani, mkwe asimkaribie mama mkwe, wasile pamoja, wakwepane njiani, yamekufa yenyewe. Usifikiri sikuyajua. Nikiwa mdogo nilimwona bibi yangu akiingia katikati ya mahindi na kuchuchumaa humo ili baba apite. Nilijua kabisa. Niliamua tu, mimi peke yangu, nikiwa Uswidi, kwamba simu imeyamaliza.

Tena hawa wawili hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso. Tulifunga ndoa Dar es Salaam wakati mama amevunjika mguu, akaja baba mkubwa kumwakilisha. Mahari ilitumwa kwa simu. Halafu tukaondoka, Feli akiwa mchanga. Wazazi wa Deus ni wa Kirando, kule Ziwa Tanganyika, lakini yeye amezaliwa na kukulia Dar. Ukirando wake ni wa kupenda migebuka, wale samaki wa huko, basi.

Turudi pale kwenye teksi. Mama alijichomoa, akavuta khanga mpaka usoni, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye kijumba cha jiko, akafunga mlango. Jirani mmoja akasema, "Yesu na Maria." Deus alibaki mikono hewani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimemtonesha ule mguu?"

Siku zilizofuata zilinichosha kuliko safari yenyewe. Deus akiwa hayupo, mama alikuwa mama. Alimpakata mtoto wetu mdogo, Oswald, akamwimbia Kifipa, akamchekesha. Akisikia kikohozi cha Deus tu, ananirudishia mtoto, anakusanya khanga, anapotea. Feli akawa tarishi.

"Baba, bibi anasema usogee, anataka kwenda bombani."

"Muulize, bado amekasirika?"

Feli akaenda, akarudi. "Bibi anasema hajakasirika. Na anasema usiulize."

Feli aliifurahia sana ile kazi. Mimi nilitafuna kucha zote.

Ningeweza kuvumilia, mwanangu, kama si ubatizo. Jumapili ile Oswald alikuwa abatizwe kwenye kanisa nililobatiziwa mimi, na mama ndiye angembeba mpaka mbele. Mtoto amepewa jina la marehemu baba yangu. Kabla hajazaliwa mama alishaniambia kwamba kitu kimoja tu anakiomba, mtoto huyo atiwe maji akiwa mikononi mwake. Ndiyo sababu tulikuja mwaka huu na si mwaka ujao. Na baba wa mtoto lazima asimame pale pale. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, Jumapili utambeba?"

"Baba yake atasimama wapi?"

"Pembeni yako."

"Basi umeshajijibu."

"Mama jamani! Mbona kwenye simu mnacheka?"

Aliendelea kupuliza moto, hakugeuka. "Kwenye simu ni picha, Leonsia. Picha haina kifua."

"Lakini Deus hakujua."

"Nimemsema? Huyo kijana simsemi. Ila watu wameona. Nikisimama naye bega kwa bega mbele ya padri, watasema mama Leonsia amezoea. Atambeba mama yake wa ubatizo. Mimi nitakaa nyuma." Akajifuta macho kwa pindo la khanga. Akasingizia moshi.

Nilitoka nimekasirika, na sitaki kujipamba. Nilimkasirikia mama kwa ukaidi wake, Deus kwa mikono yake mirefu, jirani kwa Yesu na Maria yake. Nimewavusha watoto bahari, nimewapandisha mabasi, nimechemsha kila tone la maji, hakuna aliyeumwa hata tumbo, halafu kinachoniharibia ni salamu! Hivi kweli?

Kesho yake akaja baba mkubwa Kasiano, kaka mkubwa wa marehemu baba. Mzee mkavu, koti la suti juu ya sweta, alishushwa na bodaboda akiwa tayari anatabasamu, kwa hiyo habari zilikuwa zimeshamfikia. Nikapiga goti, nikamwamkia. Nikamweleza mkasa wote kwa mpangilio, nikidhani nimepata wakili. Akaniacha nimalize. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"We mkwe!" akamwita Deus aliyekuwa kwenye benchi. "Kwenu Kirando mnavua hata wakwe?"

Deus akasimama haraka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baki hapo hapo. Usije ukanikumbatia na mimi, mbavu zangu za zamani."

Kisha akanigeukia, kicheko kikaisha.

"Leonsia. Nasikia watoto wako hawanywi maji mpaka yachemke."

"Ndiyo, baba."

"Na mumeo anapaka dawa mikononi kabla ya kula. Nani alimfundisha?"

"Mimi."

"Kumbe kufundisha unajua. Hili je? Usiniambie ulisahau."

Nikasema nilidhani limepitwa na wakati.

"Uliambiwa na nani?"

"Sikumuuliza mtu."

"Mama yako yupo, namba yake unayo. Ulimuuliza habari za choo. Ukamuuliza kama umeme unakatika. Ukamuuliza vyandarua. Hukumuuliza yeye mwenyewe anataka kupokewaje na mkwewe. Unajua ulichofanya? Ulitengeneza mama mwingine huko kichwani, ukaja kumtembelea huyo. Huyu aliyeko jikoni hujafika kwake bado."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nilisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu, mimi mwenye majibu ya kila kitu, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakukuwa na mahali pa kumpinga.

"Sasa," akasema, "huyu bwana hajawahi kuwa mkwe hapa. Mahari niliipokea mimi kwenye simu, nikamwambia mama yako imefika, imekwisha. Zamani mkwe alikuja akalima shamba la mama mkwe, watu wakamwona jasho, ndiyo wakamjua. Ulezi wa mama yako umekauka shambani na ndege wanakula. Kesho avune."

"Kesho tunakwenda Kipili, baba. Nimeshapanga gari. Watoto hawajawahi kuliona ziwa."

"Ziwa haliliwi na ndege. Kesho avune."

Nikageuka kumtazama Deus nikitumaini atakataa. Alikuwa anakunja mikono ya shati tayari, kama mtu aliyealikwa sherehe. Wanaume!

Ulezi hukatwa kichwa kimoja kimoja kwa kisu kidogo, mwanangu, ni kazi ya subira. Mama alianza upande wa juu wa shamba pamoja na majirani, Deus akapangiwa upande wa chini, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Upepo ulikuwa unachapa. Deus alikata vibaya. Aliondoka na bua refu, vichwa vingine vikamdondoka, na kina mama hawakumhurumia.

"Huyo anavuna au ananyoa?"

"Mwacheni, kwao hukata samaki!"

Sikuweza kuvumilia kuitazama ile kazi mbovu. Nikaingia shambani nimwonyeshe. Baba mkubwa, aliyekuwa amekaa juu ya gunia pembeni, akanikaripia. "Leonsia! Toka humo. Aliyemkumbatia mama yako ni wewe?" Nikatoka. Nikakaa na Oswald mapajani, mikono inaniwasha.

Walivuna hivyo mpaka jua likapanda. Sehemu iliyobaki katikati ikawa nyembamba, na majirani wakahamia kwenye kufunga mizigo, wakabaki wao wawili, migongo imekaribiana. Feli alikuwa ameshachoka, amelala kwenye khanga karibu yangu. Tarishi hakuwepo. Nikaona mama amesimama, kisu mkononi, amekitazama kilima kilicho mbele yake. Akakiambia kile kilima:

"Anayevuna upande wa chini akate karibu na shingo. Bua aliache."

Kina mama wakaacha kufunga mizigo. Deus alikuwa ametazama ng'ambo, kwenye njia ya kwenda bombani. Akaijibu ile njia:

"Anayevuna upande wa chini amesikia. Na anaomba radhi, alikuwa na furaha mno."

Mama akainamia ulezi wake. Lakini niliyaona mabega yake yakitikisika, na najua mama yangu anavyocheka akiwa hataki kuonekana. Kina mama wakaangua kicheko kwa niaba yake. Jioni Deus akaletewa kuku mzima na ugali wa ulezi, peke yake, kwenye chumba cha mbele, na mama akaniagiza niende kuhakikisha anakula mpaka firigisi. Hawakula pamoja. Hawajawahi kula pamoja mpaka leo.

Jumapili mama alimbeba Oswald. Nilisimama katikati, mama yake wa ubatizo upande mmoja pamoja na mama, Deus upande wangu mwingine. Padri, kijana mgeni asiyezijua habari zetu, akamwita Deus kwa mkono. "Baba wa mtoto asogee." Hakuna aliyesogea. Akaita tena. Mama, mtoto akiwa kifuani, akajibu kwa heshima kabisa:

"Baba yupo, padri. Kutoka hapo alipo anasikia."

Kanisa likacheka, padri naye akacheka bila kujua anacheka nini, akamimina maji. Oswald alipiga kelele. Mama alimshika hivyo hivyo, maji yakimtiririkia mikononi, akamwita kwa jina la mume wake mara nyingi, polepole, hata baada ya padri kumaliza. Kipili hatukufika, muda uliisha. Mpaka leo inaniudhi.

Sasa nikuambie ninachotaka ubebe. Wale unaowaona kwenye simu kila wiki usidhani umewamaliza kuwajua. Simu inakuletea uso na kicheko, mengine yote yamebaki nyumbani yakikusubiri, na hayajabadilika kwa sababu tu wewe umebadilika. Kabla hujanunua dawa za tumbo, mpigie mama, au shangazi, au yeyote aliyebaki, muulize: tukifika mnataka tufanyeje? Nani aamkiwe kwanza, nani asiguswe, nyumba ipi tupite kabla ya nyingine? Atakucheka. Mwache acheke, uliza tena. Mwenzi wako mwambie ukweli wa kwenu hata ule unaouonea haya, hasa huo, maana ukimficha atakanyaga yeye, na atakayejifungia jikoni ni mama yako. Na ratiba yako iachie nafasi. Niamini, mimi ninayeipenda ratiba kuliko chakula. Ukikemewa huko, kemewa tu. Usijitetee kwa umbali uliotoka.

Nakuombea basi, mwanangu. Ndege yako itue salama na basi lako lisiharibikie njiani. Uwakute wote uliowaacha, wakiwa na nguvu za kukugombeza. Watoto wako wapakatwe na mikono iliyokupakata wewe, na siku ya kuondoka mama yako akusindikize mpaka barabarani akiwa hana neno moyoni. Mungu akutangulie, na akurudishe tena.