Risasi Zinazopita Bila Kubembelezwa

Siku ile kijijini Michenga, mwanangu, naikumbuka kuliko siku zote nilizowahi kushika bunduki. Nilikuwa bado msichana, askari mpya wa wanyamapori, na nilipangiwa kufanya kazi pamoja na Mzee Kalolo, Mpogoro wa Mahenge aliyeianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa makali.

Nyati dume alikuwa amejitenga na wenzake, akaweka makao kwenye matete kando ya njia ya mashambani. Siku moja kabla alikuwa amempiga pembe Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akivusha ng'ombe wake, akampasua paja. Masanja alikuwa amelazwa Ifakara, hali mbaya. Mpunga ulikuwa umeiva na hakuna aliyethubutu kwenda kuvuna. Kibali cha kumuua nyati yule kilishatoka, na wa kuingia mateteni tulikuwa sisi.

Bunduki yetu ilikuwa ya wenzo. Siku hizi huzioni sana. Ukishapiga, unasukuma chuma kilicho chini ya mkono kwenda mbele, ganda linaruka. Ukikirudisha, risasi nyingine inaingia chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu inapopigiwa. Risasi zake zinalala kwa mstari ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, pua ya moja ikigusa kitako cha iliyo mbele yake. Shika hilo, mwanangu, maana ndilo lililoleta ubishi wote.

Tulikuwa tumekaa nyuma ya tuta la shamba tukizikagua risasi zetu, ambazo hazikuwa nyingi, alipofika Mabula, mdogo wake Masanja. Nyuma yake walikuja wanakijiji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimeleta risasi. Ni za bunduki yangu, ukubwa ni uleule. Yangu iko polisi inahakikiwa, la sivyo ningeingia mwenyewe."

Akafungua boksi. Zilikuwa mpya, zinang'aa, zimechongoka kama sindano ya kushonea magunia. Mzee Kalolo alichukua moja akaniwekea kiganjani.

"Wewe ndiye utakayepiga," alisema. "Toa jibu."

Niliigeuza, nikampa Mabula. "Kaka, asante, lakini hizi hatutazitumia. Humu bombani ncha itakaa juu ya fataki ya mwenzake, pale kitakoni panapogongwa ili risasi ilipuke. Bunduki ikipiga teke, ncha inaweza kuigonga, zikalipuka bombani mkono wangu ukiwa palepale."

"Dada, kaka yangu anahema kwa shida," alisema. "Ninyi mnachagua risasi kama mnachagua nyanya sokoni!"

Mtu mmoja nyuma akasema huyu binti anaogopa tu. Ni kweli niliogopa. Lakini nilikuwa nimeshasema, na sikubadilisha.

Nikajaza bomba kwa risasi zetu, nikauelekeza mdomo wa bunduki kwenye kichuguu, kidole mbali na kifyatulio, nikaanza kuzipitisha moja moja bila kupiga. Ya kwanza ilikwama. Watu wakaguna. Nikataka kuitupa.

"Acha!" Mzee Kalolo alinikaripia mbele ya wote. "Hiyo haina kosa, ni mkono wako. Unaubembeleza wenzo kama unambembeleza mtoto mchanga. Sukuma mpaka mwisho, rudisha mpaka mwisho!"

Nilirudia kwa nguvu, ikapita. Zilizofuata nyingine zilikwama hata kwa mkono mzito: moja ilikuwa ndefu kupita kiasi, haikuweza kuinuka kutoka bombani kwenda chemba, nyingine kichwa chake kilikuwa kimelegea, kimezama ndani ya ganda, nyingine ilikuwa na mabega, yaani kingo za kichwa, makali yaliyokuwa yakijikwaa mlangoni mwa chemba. Hizo tuliziweka kando. Zilizobaki zilikuwa za pua bapa, mabega yamelainika, ganda limekibana kichwa vizuri. Zilijaa kiganja kimoja tu.

"Mnaingia kwa nyati na hizo tu?" Mabula aliuliza.

"Na hizo tu," nilimjibu.

Tuliingia upepo ukitupiga usoni. Nyati alituona tukiwa karibu mno. Nilipiga, ikampata begani, naye badala ya kukimbia akaja. Sikufikiri chochote, mwanangu. Nilisukuma wenzo mpaka mwisho na kuurudisha mpaka mwisho, nikasikia risasi ikiingia, nikapiga. Bado alikuja. Nikasukuma tena. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomwangusha, karibu kiasi kwamba tope la kwato zake lilinirukia sketini.

Mabula alifika akihema. Alimtazama nyati, akanitazama mimi.

"Dada, ingekwama..."

"Haikukwama," alisema Mzee Kalolo, akaanza kuokota maganda.

Masanja alipona. Anachechemea mpaka leo, na ng'ombe wake anawachunga mwenyewe.

Sasa nasikia na wewe umepewa bunduki, na ni ya wenzo. Usichague risasi kwa kung'aa kwake, wala kwa sababu aliyekuletea ana uchungu. Tafuta pua bapa kwa ajili ya bomba, mabega laini kwa ajili ya chemba, na urefu ambao bunduki yako yenyewe inaukubali, kwa sababu bunduki mbili za aina moja zinaweza zisikubaliane. Zipitishe zote mahali salama kabla hujazihitaji. Ikikwama, jiulize kwanza kama ni risasi au ni mkono. Ukishajua, kataa ya kukataliwa, hata kijiji kizima kikiwa kimekuzunguka kinakuharakisha. Watakaokuharakisha hawataingia mateteni pamoja nawe.

Mungu akupe jicho la kuchagua na mkono usiositasita. Kila utakakokwenda kwa ajili ya watu, akurudishe kwao ukiwa mzima, mwanangu.