Nilifuata Ramani ya Gari, Rafiki Yangu Akamkosa Mama Yake

Nimekosa. Nataka neno hilo litangulie kabla sijaanza kujitetea, maana moyoni mwangu nimejitetea mpaka nimechoka. Jina langu sitalitaja, na ukifika mbele utaelewa kwa nini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwetu ni Morogoro, ila serikali ilinipangia Mbulu, huku Maretadu, na nimekaa mpaka baridi ya huku imekuwa yangu. Mwenzangu wa karibu pale shuleni alikuwa mwalimu mzaliwa wa Gendabi, Hanang. Nitamwita Paulo. Siyo jina lake. Nilipougua malaria nikiwa mgeni, bila ndugu, yeye na mke wake ndio waliokuwa wananiletea uji kitandani.

Huyo ndiye mtu niliyemkosea, jamani. Si adui yangu. Huyo!

Nilikuwa nimenunua gari Arusha, la mkononi, kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Kwenye dashibodi lilikuwa na skrini, na ramani ya nchi nzima imewekwa humo ndani. Simu ikikosa mtandao, ile haijali. Inasoma satelaiti moja kwa moja. Wee! Nilivyojivuna nayo! Nilikuwa nawapakia walimu wenzangu makusudi, tukishuka bondeni ambako simu zote zimekufa, nawaonyesha kimshale kinavyotembea. "Mnaona? Haihitaji mnara."

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Tulikuwa mapumziko ya chai, Paulo akapigiwa simu na dada yake, Theresia, aliyekuwa anamuuguza mama yao kule Gendabi. Alisikiliza, akasema "ndiyo, ndiyo," kisha akabaki amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Mama hali mbaya," akaniambia. "Ananiita. Dada anasema nisingoje kesho."

"Chukua koti lako," nikamwambia. "Twende."

Mpaka hapo nilikuwa mtu mwema. Laiti ningempa ufunguo nikabaki kunywa chai yangu!

Tulipita Haydom vizuri. Njia ni moja tu, kila mtu anaijua: unapita Basotu, unatokea Katesh, kisha unaitafuta Gendabi. Lakini kabla ya kufika Basotu, ile sauti ya mwanamke wa kwenye gari, na Kiingereza chake cha puani, ikaniambia nikate kushoto.

"Siyo hapa, mwalimu," Paulo akasema. "Nyoosha tu."

"Angalia skrini. Inatupunguzia karibu nusu ya safari."

"Hiyo ilikuwa barabara ya matrekta, enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Mashamba yalipobinafsishwa mambo yalibadilika, watu wakagawana, wakalima. Sidhani kama bado inatokea upande wa pili."

"Kama haitokei, isingeonyeshwa."

Aliniangalia. Nayakumbuka yale macho. Alikuwa amepewa msaada, na mtu aliyepewa msaada habishani na mwenye gari. Akasema, "Haya."

Nikakata kushoto.

Mwanzo ilikuwa barabara kweli, pana, ya kupitisha mashine kubwa. Nikamcheka kidogo. Mungu nisamehe, nilimcheka mtu anayekwenda kwa mama yake mahututi! Nikamwambia, "Unaona, ninyi wenyeji mnaogopa vitu vipya." Alikuwa anaitazama simu yake. Alama za mtandao zilishuka, zikashuka, zikaisha.

Barabara ikawa njia. Njia ikawa alama za mkokoteni. Kwenye skrini mstari ulikuwa mnene na umenyooka. Nje ya kioo kulikuwa na maharage ya watu.

"Turudi, mwalimu," Paulo akasema. "Nakuomba."

"Tumeshafika mbali. Ona, bado kidogo tu."

Nilikuwa nimeshaanza kuogopa, na sikutaka aone. Hiyo ndiyo siri ya kosa langu lote. Nilijua nimekosea mapema kabisa, pale tulipoingia kwenye maharage. Nilikuwa naendesha kulinda maneno yangu.

Mbele tukakuta korongo limekula ardhi, na maji ya mvua yanapita chini yake kwa nguvu. Kimshale kilikuwa kinatutaka tuvuke. Nikarudi nyuma kwa haraka nigeuze, magurudumu yakatoka kwenye nyasi yakaingia kwenye udongo mweusi. Anayeujua udongo wa mbuga wakati wa mvua hahitaji maelezo. Gari lilikaa kwa tumbo.

Tulichimba kwa mikono. Paulo alikuwa na shati jeupe la kazini. Kila baada ya muda anasimama, ananyanyua simu juu, anazunguka nayo, anaishusha, anachimba tena. Mara moja tu alisema neno. "Ingekamata hata kidogo, ningemsikia."

Baadaye watu waliokuwa wanapalilia upande wa pili wakatuona, wakaja na majembe, mwingine akaleta ng'ombe wake wa kulimia. Walitusaidia bila kutuuliza sana. Tulipotoka, jua lilikuwa limeshaelekea kuzama, na ilibidi turudi kule kule tulikotoka.

Karibu na barabara kuu, simu ya Paulo ikaanza kutetemeka. Ujumbe mmoja, mwingine, mwingine. Alisoma. Akaiweka mfukoni. Nikaongeza mwendo.

"Endesha taratibu, mwalimu," akasema. "Hakuna haraka tena."

Nilitamani ardhi inimeze! Na ile sauti ya kwenye gari haikunyamaza. Kwa kuwa tulikuwa tumeacha mstari wake, iliendelea kuniambia nigeuke. Geuka. Geuka nyuma unapoweza. Mikono yangu ilikuwa na matope, nikawa nabonyeza kila kitu, siioni ya kuizima. Rafiki yangu analia kimya kimya pembeni yangu, na yule mwanamke anatuagiza turudi kwenye lile korongo. Mpaka leo nikiwa peke yangu barabarani huwa naisikia, na skrini fundi ameshaing'oa zamani.

Tulifika Gendabi giza limeshaingia. Uani watu walikuwa wameshajaa. Theresia akamkumbatia kaka yake, akamwambia maneno ambayo sikupaswa kuyasikia, lakini niliyasikia yote.

"Kila gari likipita alikuwa anauliza, 'Ndiye?' Akachoka kusubiri, akaomba simu, asikie sauti yako tu. Nikapiga. Nikamwekea sikioni. Anamsikia yule dada wa mtandao, mteja hapatikani. Ananiambia, 'Piga tena.' Napiga, yule yule. Mwisho alikuwa anamjibu yule dada, Paulo. Anamwambia, 'Mwambie ni mama yake.'"

Kwenye barabara ya Basotu simu inashika sehemu nyingi. Angemsikia. Hata kama tusingefika kwa wakati, angemsikia.

Baba yao mdogo akatukaribia, mzee wa heshima, fimbo mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Poleni. Kulikuwa na nini njiani, wanangu? Mmetoka Maretadu tangu asubuhi."

Aliuliza kwa upole. Hakuwa anamtuhumu mtu. Ningeweza kusema, "Baba, ni mimi." Maneno mepesi kiasi gani!

Nikasema, "Barabara ya Basotu imekatika, baba. Maji."

Paulo alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi. Alisikia. Hakugeuza hata shingo.

Siku ya mazishi akafika shemeji yao, mume wa dada mkubwa, ametokea Haydom. Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi tukimsubiri mchungaji. Akawa anasimulia safari yake, na kusema barabara ni nzuri, amekuja bila shida, hata ile siku ya msiba jirani yake alipita Basotu na lori la mizigo.

Baba mdogo akageuka. "Mbona walimu hawa walisema imekatika?"

Niliona watu wananiangalia. Nilifungua mdomo, na hata sasa sijui ningesema nini.

Paulo akasema, "Ilikuwa imekatika, baba. Walitengeneza baadaye. Mimi mwenyewe niliona."

Alisema hivyo jeneza la mama yake likiwa mbele yetu. Mtu ambaye hata kwenye mahudhurio ya wanafunzi hakuwahi kuandika uongo! Alidanganya ukoo wake ili mimi nisiaibike, mimi niliyemnyima mama.

Baada ya hapo tulirudi shuleni, na maisha yakaendelea kwa namna ya ajabu. Paulo hakuwahi kunilaumu. Asubuhi tulisalimiana, chai tulikunywa meza moja. Ila hakupanda gari langu tena. Mvua ikinyesha nikasimama, anainama dirishani, anatabasamu, "Tangulia tu, mwalimu, nafika." Nilikuwa namwona kwenye kioo anatembea kwenye matope, na ninaomba anitukane. Heri angenitukana! Kisha akaomba uhamisho, akapata, akaondoka na familia yake.

Unadhani yameisha? Theresia huwa ananipigia. Kila wakivuna ananitumia maharage kwenye basi, na ujumbe kwamba Mungu anibariki, maana niliacha kazi yangu kumkimbiza kaka yake kwa mama yao. Mke wangu anayapika. Mimi siwezi kuyameza. Namwambia tumbo linasumbua.

Mwaka huu nilishindwa. Nikampigia Paulo, nikamwambia, "Ndugu yangu, nataka niende Gendabi. Nimweleze dada yako na baba mdogo ukweli wote."

Nikamsikia anatoka nje, anafunga mlango.

"Mwalimu," akasema, "ukiwaambia, watajua nami niliwadanganya siku ya kumzika mama. Baba mdogo ni mzee sasa. Mimi nimeshakusamehe. Niache na hilo lingine nilibebe mwenyewe."

Lingine ni ule uongo niliomtwisha. Basi nimefungwa. Kusema ni kumwumiza mara ya pili, kunyamaza ni kuendelea kupokea shukrani za uongo. Ndiyo maana nimeandika hapa, bila jina, kwenu msionijua.

Ninyi wenye magari yenye ramani, sikilizeni. Ile mashine itakuonyesha ulipo hata pasipo na mnara, hilo ni kweli. Lakini aliyechora barabara zake hajui kama jana zimelimwa au zimesombwa na maji. Ukiwa na mwenyeji kwenye kiti cha pembeni akasema nyoosha, nyoosha! Akisema turudi, rudi, hata kama umeshamcheka. Na ukisafiri kwenda kwa mgonjwa, usiiache njia yenye mtandao, huenda sauti yako ndiyo anayoingoja.

Na ukishakosea, mjibu ukweli mtu wa kwanza atakayekuuliza. Wa kwanza kabisa! Ukimpita huyo, atatokea mtu anayekupenda akufichie, na kuanzia siku hiyo kosa si lako peke yako tena, na hata ruhusa ya kuliungama haitakuwa yako.