Pole Iliyosikika Kama Kosa

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilianza kwa utulivu. Hata upepo wa Doha, ambao kwa kawaida hukuletea mchanga mdomoni kabla hujamaliza chai, asubuhi hiyo ulikuwa umepumzika. Ilikuwa miezi ya baridi, miaka ile meli za kitalii zilipoanza kutia nanga bandarini mara kwa mara. Mimi nilikuwa nimekaribia kuupita umri wa kuitwa kijana, lakini bado nilijiita hivyo, na hakuna aliyenibishia.

Nilifikaje Doha ni hadithi ndefu. Shule niliiacha mapema. Mwalimu alichoka na maswali yangu, au mimi nilichoka kutojibiwa, sijui nani alianza. Nikatoka Voi nikaenda Mombasa, nikaenda Kampala, nikaenda Juba, kila mahali nikikaa mpaka nilipoona sina jipya la kuuliza. Doha nilianza kama askari wa mlangoni kwenye maghorofa ya West Bay, nikiwafungulia mlango watu ambao hawakuniona. Kisha kampuni moja ndogo ya kutembeza wageni ikatafuta msaidizi anayeweza kuongea. Nikaona hiyo ndiyo kazi pekee niliyoisomea maisha yangu yote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meli inapotia nanga, abiria wengi hupakiwa kwenye mabasi, wakatembezwa sokoni na kurudishwa. Lakini wapo wanaotaka siku yao wenyewe, bila umati. Hao tuliwachukua kwa gari kubwa la kupanda mchanga, tukawapeleka kusini, kule matuta yanakoishia baharini, tukawatandikia zulia chini ya turubai na kuwachomea mishikaki. Wanaogelea, wanalala, wanapiga picha, na baada ya nusu siku tunawarudisha kabla meli haijaondoka. Dereva alikuwa Mzee Bakari, mtu wa Likoni, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini. Tulikaa chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, naye alikuwa ameishi Ghuba muda mrefu kuliko samani zote za chumba kile.

Wageni wetu siku hiyo walikuwa watatu, familia moja ya Kiingereza: mama mtu mzima aliyeitwa Bi Ruth, mwanawe Alan, na mke wa Alan. Njiani mama huyo aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi, na hilo si jambo jepesi. Mchanga wa hapa unatoka wapi? Ngamia wale ni wa nani? Mbona mzee anapunguza upepo wa matairi? Nikamweleza kwamba tairi lililojaa sana huzama mchangani, na likilegea kidogo hutambaa juu yake. Akasema hilo amelipenda. Mwanawe alikuwa akitazama simu.

Tulipofika, Mzee Bakari alifunga turubai kwa kamba na vigingi, mimi nikapanga viti na kasha la barafu. Bi Ruth akaenda kulowesha miguu. Alikaa majini muda mrefu, amekunja suruali yake mpaka magotini, akicheka peke yake. Aliporudi alikuwa anatazama nyuma, anaiangalia bahari kama mtu anayeagana na jirani, na mguu wake ukanasa kwenye kamba ya turubai. Akaanguka.

Mimi nilikuwa upande wa pili na sahani mikononi. Sasa sikiliza nilichofanya, kwa sababu ndicho ambacho wewe pia ungefanya. Nilitupa sahani, nikakimbia, na nikiwa bado mbali nikaanza: "Sori mama, sori, sori sana." Nikamshika mkono, nikamkalisha, nikamwambia sori mara nyingine. Kichwani mwangu nilikuwa nasema pole. Mdomoni ilitoka kwa Kiingereza, na Kiingereza changu hakikuwa na neno lingine la pole isipokuwa hilo.

Alan akaja. Akaniangalia, akaangalia kamba. "Kwa hiyo ni kosa lako?" akauliza.

Kwa mshtuko nikasema, "Sori, bwana."

"Hii kamba hukuiacha imelegea?"

"Yesi," nikajibu. Nilimaanisha ndiyo, ni kweli usemavyo, sikuiacha imelegea. Kwetu mtu akikuuliza hukula, nawe kweli hukula, unamjibu ndiyo. Mwingereza hasikii hivyo. Kwake yesi ilikuwa ndiyo, niliiacha. Kwa maneno mawili mafupi, mwanangu, nilikuwa nimejishtaki, nimejihukumu na nimejifunga, kwa kosa ambalo halikuwepo. Kamba ilikuwa imekazwa vizuri kama kawaida ya Mzee Bakari. Mama alikuwa tu haangalii mbele.

Alan akasogea kando na simu. Nilimsikia akimtaja msimamizi wetu, Nabil, Mjordani aliyekuwa akitupangia safari. Nilimsikia pia akisema, "Amekiri mwenyewe." Siku zile kibali chako cha kukaa kilikuwa mkononi mwa kafili, yule mwajiri aliyekudhamini. Mgeni mmoja wa meli akilalamika kwamba umemwumiza mama yake, ungerudishwa kwenu kabla hujajua la kumwambia mtu yeyote nyumbani. Na mimi, katika kuzunguka kwangu kote, hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoipenda kiasi cha kutotaka kuhama.

Mzee Bakari alifunga barafu kwenye taulo, akaiweka juu ya kifundo cha mguu kilichoanza kuvimba. Mguu haukuvunjika, mama aliweza kuchezesha vidole vyote. Alan alitaka tuondoke mara moja. Mama akakataa. Alisema amekaa kwenye meli akiiona bahari kupitia dirisha, sasa ameifikia, hatoki mpaka saa zake ziishe. Alan akakaa na mkewe kwenye kivuli, wamenuna.

Mimi nikaamua kuwa jiwe. Nilijiambia mdomo ndio ulionifikisha hapa, basi naufunga. Nilimpelekea mama maji ya limau bila neno. Alipojigeuza kitini na maumivu yakamkata, akakunja uso, akaniangalia. Nikaangalia kasha la barafu. Baadaye kidogo akaguna tena, nikaangalia bahari.

"Nimekukosea?" akaniuliza polepole.

Nikatikisa kichwa, nikaondoka.

Mzee Bakari akaniita nyuma ya gari. Hakupaza sauti, sijawahi kumsikia akiipaza. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na aliongea akiitazama mikono hiyo.

"Mwakio, yule mama mguu unamuuma, na wewe unamfanyia adabu ya mlinzi wa benki."

"Mzee, yule jamaa ananimaliza. Amempigia Nabil. Kila nikisema kitu anakigeuza."

"Yule jamaa ndiye aliyeanguka?"

"Hapana."

"Basi kwa nini aliyeanguka ndiye anayenyimwa pole?"

Nikasema kwamba naogopa kurudishwa, kwamba nikisema neno lingine litaandikwa kichwani mwa Alan kama ushahidi.

"Uoga ninauelewa," akasema. "Mimi mwenyewe nimeogopa katika nchi hii mpaka nikasahau nilikuwa naogopa nini. Lakini sikiliza. Wewe ulisema kitu kimoja, yeye akasikia kingine. Hilo si dhambi yako wala yake. Dhambi itakuwa kuondoka hapa bila kumweleza. Unaongea siku nzima kuhusu ngamia na matairi. Leo kuna jambo moja la maana la kueleza, unakuwa bubu?"

"Na akikataa kunielewa?"

"Atakuwa amekataa baada ya kuambiwa. Utarudi Voi na roho nyepesi. Na akiuliza nani alifunga kamba, mwambie ni Bakari, kwa sababu ni Bakari. Mimi si mwanamwali wa kufichwa ndani."

Nilicheka bila kutaka. Kisha nikaenda nikachuchumaa mbele ya Bi Ruth, mahali ambapo Alan angenisikia pia.

Nikamwambia: "Mama, kwetu kuna neno pole. Mtu akijikwaa, hata aliye ng'ambo ya barabara humwambia pole. Akifiwa tunamwambia pole. Akiugua, pole. Akitoka kazini amechoka tunamwambia pole na kazi, na sisi si tuliomchosha. Neno hilo halimaanishi mimi ndiye niliyekuumiza. Linamaanisha nimeona kwamba umeumia, na hukuumia peke yako. Kiingereza changu hakina neno hilo, ndiyo maana nilisema sori."

Akanisikiliza ameegemeza kidevu mkononi. "Kwa hiyo ningeanguka kwangu Uingereza, ungeniambia pole?"

"Kama ningekuwepo, ndiyo."

"Hata nisingekuwa nimekulipa?"

"Hiyo haina malipo, mama."

Alan akavua miwani yake ya jua. "Lakini nilikuuliza kuhusu kamba, ukasema yesi."

Nikamweleza na hilo la kujibu kwetu. Nilipata shida, Kiingereza kilinipindapinda ulimi. Mke wa Alan ndiye aliyeshika maana kwanza. Akamwambia mumewe, "Alikuwa anakubaliana nawe kwamba hakuiacha. Ulimuuliza vibaya." Alan akatazama ile kamba. Akainuka, akaivuta kwa mkono wake. Haikutikisika.

"Nani alifunga?" akauliza.

"Mimi," Mzee Bakari akajibu kutoka kwenye jiko la mkaa, bila kuinua macho. "Mishikaki iko tayari. Mama ale kwanza."

Alan akarudi kitini. Tukala. Mimi nilikula nikiwa sijui kama nimeokoka, kwa sababu Alan hakusema amenielewa, na simu kwa Nabil ilikuwa imeshapigwa.

Tulipofika bandarini Nabil alikuwa ameshasimama karibu na geti na kiti cha magurudumu, suti yake imenyooka, uso wake umejikunja. Alinijia mimi kabla ya wageni. "Sadiki," yaani rafiki, akaninong'oneza, "kwa nini umesema sori? Mtu akisema sori amefanya. Khalas, basi, amefanya. Nitamwambia nini bosi?"

Bi Ruth alikuwa bado ndani ya gari, mlango uko wazi. Akasema, "Unazungumza habari za mguu wangu?"

Nabil akageuka akatabasamu kwa haraka. "Madam, nimeambiwa huyu mfanyakazi wetu amekubali kosa."

"Nimeanguka kwa sababu nilikuwa natazama nyuma," akasema mama. "Huyu aliniambia sori, ni kweli. Kati ya watu wote waliokuwa pale, ni yeye peke yake aliyeniambia. Wengine waliuliza kosa ni la nani."

Hakumtazama mwanawe aliposema hivyo. Hakuhitaji. Alan alisimama kando ya mlango, masikio yamekuwa mekundu, na sidhani lilikuwa jua. Akamwambia Nabil kwamba alikosea kupiga simu ile, kwamba hakuna malalamiko. Kisha akainama kumwinua mama yake, na alipomweka kwenye kiti, mama akagumia kwa maumivu. Nikamsikia Alan akisema kwa sauti ndogo, kwa matamshi yaliyopinda, "Pole."

Mama akampigapiga mkono. Wakaenda.

Nabil alibaki amesimama, ametulia kidogo lakini hajaridhika. Akatuita sote wawili. "Kuanzia leo," akasema, "mgeni akianguka, akiumwa, akilia, hakuna sori. Marufuku. Mmesikia?"

"Tumesikia, mudiri," Mzee Bakari akajibu kwa heshima. "Na pole je?"

"Pole ni nini?"

"Ni salamu ya kwetu."

Nabil akafikiri. "Salamu mafi mushkila," akasema, yaani salamu haina tatizo, akaenda zake. Toka siku hiyo kila mgeni aliyejikwaa mbele yetu, Mjerumani au Mkorea, aliambiwa pole kwa Kiswahili. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maana yake. Waliisikia tu usoni mwetu.

Mwanangu, najua unajiandaa kwenda Ghuba. Mtu wa ofisi ya ajira atakufundisha kupiga pasi shati na kusema asante madam. Mimi nakuambia hili ambalo yeye hatakuambia. Neno jema ulilolelewa nalo linaweza kufika kwenye sikio la mgeni likiwa limegeuka. Likigeuka, usimkasirikie, na usilitupe neno. Kaa naye umweleze, kwa Kiingereza kibovu ulicho nacho, kwa mikono kama ulimi umekwama, na fanya hivyo mapema, kabla woga haujakufanya uonekane kama mtu asiyejali. Ukiulizwa swali lenye hapana ndani yake, usijibu ndiyo wala hapana tupu. Sema sentensi nzima, useme ulifanya nini na hukufanya nini. Na ukikuta mtu ana maumivu, mhudumie huyo mwenye maumivu. Anayetafuta wa kulaumiwa anaweza kusubiri. Ana nguvu za kusubiri.

Nimeona vijana wengi wakirudi kutoka huko na fedha na mabegi, lakini wamejifunza kupita kando ya aliyeanguka wakiangalia pembeni, kwa kuwa mahali fulani waliadhibiwa kwa huruma yao. Hao siwalaumu. Ningekuwa mmoja wao kama mzee mmoja asingeniita nyuma ya gari.

Nenda basi. Mungu akupe mwajiri anayeuliza kabla ya kukasirika, na akikupa asiye hivyo, akupe maneno ya kutosha mbele yake. Akuweke karibu na mtu mzima mmoja asiyeogopa kukusema. Mguu wako uwe salama njiani, na siku ukijikwaa, pawe na mtu wa kukukimbilia akiwa bado mbali. Pole na safari, mwanangu, tangu sasa kabla hujachoka.