Kipa Niliyemzika Sokoni Katoro

Mkitaka kunicheka, chekeni. Wa Katoro walishanimaliza. Miaka ile ya tisini nilikuwa nauza picha za zamani za timu za mpira pale sokoni. Moja, ya timu ya Shinyanga, ilikuwa imeliwa na mchwa kwenye kichwa cha kipa. Badala ya kusema ukweli na kupunguza bei, nilikata kichwa cha shemeji yangu kwenye picha yake ndogo, nikakibandika juu ya tundu, kisha nikaweka kioo. Kilikaa vizuri hata mimi nikaanza kumwamini shemeji.

Siku ya gulio akaja mzee na mkewe. Alipoiona ile picha, mzee alipiga kelele kwa furaha.

"Mama Kulwa, njoo! Miaka yote unaniita mwongo. Ushahidi huu hapa!"

Sikuuliza ushahidi wa nini. Niliona mteja tu.

"Picha nzima, mzee wangu. Haina dosari."

Mama Kulwa akainama, akagusa kioo kwa kidole. "Na huyu kipa ni nani?"

Sikumjua, lakini muuzaji hakosi jibu. "Huyo alikuwa hatari, mama! Mpira haupiti. Bahati mbaya alifariki. Hata mazikoni nilikuwepo."

Mama Kulwa akamtazama mumewe kuanzia kofia hadi kandambili.

"Pole kwa msiba, Baba Kulwa. Kumbe nampikia marehemu."

Mzee hakucheka. Alisogeza macho karibu na kioo.

"Kijana, kipa wa timu hii nilikuwa mimi. Hicho kichwa ni cha nani?"